Kujenga tela la kubebea gari: mzani kwanza, ekseli mwisho

Matela ya kujitengenezea yanayoletwa kwangu hapa Nyakato, Mwanza, huwa na ugonjwa mmoja kati ya mitatu. Ama linayumba mkia likifika kilomita 60 kwa saa, ama mkono wake, yaani chuma cha mbele kinachoungana na gari linalokokota, umepinda pale unapokutana na fremu, ama linalisukuma gari la mbele kwenye mteremko kwa kuwa halina breki. Uchomeleaji wake mara nyingi ni mzuri, hata kuliko wangu. Kosa lilitokea kabla mashine haijawashwa: fundi alikata chuma kwanza akapima baadaye, kisha akafunga ekseli katikati kabisa ya fremu kwa sababu katikati panapendeza kwa macho. Mimi pia nilifanya hivyo kwenye tela langu la kwanza, na nililirudisha kutoka Misungwi kwa mwendo wa baiskeli.

Mwongozo huu unahusu tela la ekseli mbili la kubeba gari dogo lisilozidi kilo 1,500, kama IST au Corolla. Noah huweza kuvuka kiwango hicho, kwa hiyo lipime kabla ya kulipakia. Ukitaka kubeba Prado, vipimo vyote vya chuma, ekseli na breki hubadilika, na mwongozo huu haukutoshi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa fremu na mkono: chaneli ya milimita 100 kwa 50, vipande 4 vya mita 6, na kimoja cha akiba ikiwa mfuko unaruhusu. Kwa mataruma ya kukatiza: skwea paipu ya milimita 75 kwa 50 yenye unene wa milimita 3, vipande 3 vya mita 6.

Kwa kubeba uzito: ekseli 2 zinazofanana, kila moja ya kilo 1,500, zenye habu na dramu za breki, springi za bapa 4 pamoja na hanga (vishikio vya springi), balansi (chuma cha katikati kinachogawa mzigo kati ya springi za mbele na za nyuma) na yu-bolti zake, rimu 5 na tairi 5 za 185R14C. Herufi C ya mwishoni ndiyo inayohesabika. Tairi ya namna hiyo yenye alama 102 ubavuni hubeba kilo 850, ilhali tairi ya kawaida ya gari dogo yenye ukubwa unaokaribiana nayo hubeba pungufu sana.

Kwa kuunganisha: tufe la kukokotea la milimita 50 lililoandikwa uwezo wa kilo 3,500, kichwa cha tela chenye breki ya msukumo, kikiwa na kikombe cha milimita 50 vilevile, minyororo 2 ya usalama, gurudumu la mbele lenye jeki. Angalia maandishi yaliyopigwa mhuri juu ya kikombe na juu ya tufe. Yapo matufe ya inchi 2, na tofauti yake na milimita 50 haifiki hata milimita moja, lakini kikombe kimoja kikivaa tufe la mwenzake ama hakifungi vizuri ama kinalegea kikichakaa.

Mengineyo: bati la chekapleti la milimita 3, winchi ya mkono, mikanda 4 ya kukazia yenye upana wa milimita 50, taa za nyuma, riflekta, plagi ya pini 7, praima na rangi. Mashine ya kuchomelea iwe inaweza kutoa ampea 130 bila kuhema.

## Hatua ya 1: Pima uzito, uliza karatasi

Anza na gari litakalokokota. Kitabu chake kinaeleza uzito wa tela lenye breki ambao linaruhusiwa kuvuta. Land Cruiser ya pikapu ya miaka ya karibuni huruhusiwa kilo 3,500. Hilux hutofautiana kwa mwaka na injini, kwa hiyo usiamini neno la dalali wala langu, soma kitabu. Gari dogo la abiria halikokoti gari jingine juu ya tela, hata injini yake iwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu kinachotakiwa zaidi ni uzito wake na breki zake.

Kisha lipeleke gari litakalobebwa kwenye mzani wa magari, mathalani wa kiwanda cha kuchambua pamba, ukawaombe walipime mara tatu: lote, magurudumu ya mbele peke yake, na ya nyuma peke yake. Andika namba zote tatu. Gari lenye injini mbele huweka takribani asilimia 60 ya uzito wake kwenye ekseli ya mbele, na namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kufunga ekseli za tela.

Kabla ya kununua hata kijiti kimoja, fika TRA na kwa wakaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, ukiwa na mchoro mkononi, uwaulize wanachotaka ili tela lisajiliwe na kupewa namba. Tunza risiti za chuma na ekseli. Anayeanza kuuliza tela likiwa limeshapakwa rangi hujikuta anakata alichokichomelea.

## Hatua ya 2: Jenga fremu kwenye sakafu iliyosawa

Kata chaneli 2 za mita 4.5 kwa mbavu za kushoto na kulia, na 2 za mita 1.9 kwa mbele na nyuma. Migongo ya chaneli itazame nje. Fremu ya upana huu, pamoja na magurudumu yanayokaa nje yake, itabaki chini ya mita 2.5 kwa upana wote.

Zipange juu ya stuli za chuma zilizosawazishwa kwa pima maji, kisha ushikize pembe zote nne kwa nukta ndogo tu. Sasa pima ulalo, kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita 3, gonga pembe ndefu kwa nyundo hadi vilingane. Usiendelee kabla havijalingana, kwa kuwa fremu iliyokaa kama sambusa itakufanya ufunge ekseli kombo, na tela litatembea upande kama kaa.

Weka mataruma 7 ya skwea paipu ya kukatiza, nayo uyashikize kwanza. Ukisha, chomelea kwa kuruka: kiungo kimoja mbele kushoto, kinachofuata nyuma kulia, kisha katikati. Joto likikusanyika sehemu moja huvuta chuma, na fremu iliyokuwa sawa asubuhi hupinda kabla ya saa sita.

Kuhusu vijiti vya kuchomelea, E6013 ya milimita 3.2 kwa ampea 90 hadi 130 inatosha kwa mataruma. Kwa mkono na hanga za springi mimi hutumia E7018, ambayo huunganisha kwa uimara zaidi chini ya mtikisiko, lakini hufanya kazi vizuri zaidi kwa mashine ya umeme wa mkondo mmoja (DC) na inahitaji vijiti vikavu kabisa. Pakiti iliyokaa wazi katika unyevu wa ufukweni humu hunyonya maji, na maji hayo huingiza hidrojeni ndani ya kiungo na kukipasua kutoka ndani, pasipo kuonekana. Kama huna tanuri la kuvikaushia, nunua pakiti iliyofungwa na uimalize siku hiyo.

Kabla ya kugusa fremu, chomelea mabaki mawili ya chaneli kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha uyapige kwa nyundo kubwa hadi yalaliane. Kiungo kikibanduka kama ganda la muhogo, ampea ni ndogo. Kikipinda chuma chenyewe bila kuachia, mashine imewekwa vizuri. Jaribio hili lirudie jioni, umeme ukishuka mitaani.

## Hatua ya 3: Mkono upite chini ya fremu

Kata chaneli 2 za mita 2.6 na uzipange kwa umbo la A. Ncha zake zikutane mita 1.4 mbele ya fremu, halafu zirudi nyuma, zipite chini ya chaneli ya mbele, na ziishie kwenye mbavu za pembeni takribani mita moja ndani. Chomelea kila zinapogusana na fremu.

Mkono unaoishia kwenye chaneli ya mbele pekee ndio ule unaopinda. Breki, mashimo na uzito wa puani vyote huukunja mahali pamoja, nao hauna pa kupeleka nguvu hiyo. Ukiingia mita moja chini ya fremu, mzigo unagawanywa kwenye viungo vinne.

Mkono usiufupishe ili tela liingie uani. Mkono mfupi hulifanya tela ligeuke haraka kuliko dereva anaporudi nyuma, na hulifanya liwe jepesi kuyumba barabarani. Kichwa cha tela kifungwe kwa bolti ngumu za daraja la 8.8, nati zake ziwe za kujifunga. Usikichomelee, kwani siku kikichakaa itabidi ukate mkono.

## Hatua ya 4: Mahali pa ekseli

Hapa tutakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Tela lililopakiwa linapaswa kukandamiza tufe kwa takribani asilimia 10 ya uzito wake wote. Likikandamiza kidogo mno, mkia unakuwa na uzito kuliko pua, na tetemeko dogo la upepo au shimo hugeuka kuwa mtikiso unaokua wenyewe hadi gari zima linachukuliwa. Likikandamiza mno, magurudumu ya mbele ya gari linalokokota huwa mepesi, na usukani na breki hupungua nguvu.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tela hili, likiwa na magurudumu, ngazi na winchi, litakuwa na kilo kama 750. Gari ni kilo 1,500. Jumla ni kilo 2,250, na asilimia 10 yake ni kilo 225. Tela likiwa tupu na limejengwa kama ilivyoelezwa huweka kilo kama 75 kwenye tufe, kwa hiyo gari lilete kilo 150 zilizobaki.

Sasa tafuta kitovu cha uzito wa gari. Tuseme umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.6 na asilimia 60 iko mbele. Kitovu kitakuwa asilimia 40 ya mita 2.6, yaani mita 1.04, nyuma ya ekseli yake ya mbele. Ikiwa ekseli hiyo itasimama mita 1 kutoka mwanzo wa sakafu, kitovu kiko mita 2.04 kutoka mwanzo wa sakafu, na mita 3.44 kutoka kwenye tufe.

Weka katikati ya ekseli mbili za tela, yaani pale balansi ilipo, mita 3.85 kutoka kwenye tufe, ambayo ni mita 2.45 kutoka mwanzo wa sakafu. Gari liko mita 0.41 mbele ya hapo. Zidisha 1,500 kwa 0.41, gawanya kwa 3.85, utapata kilo 160. Ongeza 75 za tela, jumla ni 235. Hapo ni pazuri.

Mfano huo una faida nyingine: kila sentimita 10 unazolisogeza gari mbele au nyuma hubadilisha uzito wa kwenye tufe kwa takribani kilo 40. Ndiyo maana ekseli zikiwa karibu na pake, marekebisho ya mwisho hufanywa kwa kusogeza gari, wala huhitaji kukata chuma.

Tumia namba za gari lako, si zangu. Kisha shikiza hanga za springi kwa nukta tu, uning'inize ekseli, na upime kutoka katikati ya kikombe hadi ncha ya kushoto ya ekseli, halafu hadi ncha ya kulia. Tumia kamba ya chuma isiyovutika. Vipimo viwili visipishane kwa zaidi ya milimita 3, na ekseli ya pili ilingane na ya kwanza pande zote. Hapo tu ndipo uchomelee hanga kikamilifu.

Onyo juu ya ekseli za mtumba: wapo wanaochukua ekseli za nyuma za pikapu kuukuu, wakatoa difu, wakazikata katikati na kuziunga upya ili zipate upana. Kiungo hicho kiko mahali panapokunjwa na mzigo. Tafuta ekseli yenye upana unaokufaa ikiwa nzima, au ubadilishe upana wa fremu. Fungua habu, osha beringi, pachika grisi mpya na sili mpya hata kama muuzaji anaapa kwamba ni za jana.

## Hatua ya 5: Breki

Tela la kilo 2,250 bila breki ni mzigo unaosimamishwa na breki za gari jingine ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Shuka na mzigo huo mlima wowote wa Mwanza, mawe pande zote mbili na pikipiki mbele yako, utaelewa haraka.

Breki ya msukumo ndiyo inayotufaa, kwa kuwa haihitaji kifaa chochote ndani ya gari. Gari la mbele likipunguza mwendo, tela husukuma kichwa chake, kichwa huingia ndani kidogo na kuvuta waya au kubonyeza masta silinda, na viatu vya breki hufunguka ndani ya dramu. Kichwa hiki usikichonge mwenyewe, nunua kilichotengenezwa kiwandani na kuandikwa uzito wake.

Fungia breki kwenye magurudumu yote manne. Hakikisha kichwa kina pini au mfumo wa kuzuia breki zisishike wakati wa kurudi nyuma, la sivyo utasukumana na tela lako geti zima. Waya wa dharura uunganishwe na gari kwa kitanzi chake chenyewe, si kwenye tufe, ili tela likichomoka waya uvute breki kabla haujakatika. Minyororo miwili ivuke chini ya mkono kwa umbo la X, kwa kuwa mkono ukianguka utadakwa nayo na hautachimba lami.

Kazi imefanikiwa ikiwa, tela likiwa juu ya jeki, kila gurudumu linazunguka huru, na ukivuta breki ya mkono hakuna hata moja linalogeuka kwa nguvu za mikono.

## Hatua ya 6: Sakafu, ngazi na vishikizo

Usiezeke bati sakafu nzima. Njia mbili za sentimita 50 kila moja zatosha magurudumu, na zinakupunguzia karibu kilo 100 kulinganisha na sakafu kamili ya chekapleti.

Ngazi za kupandishia ziwe na urefu wa mita 2.4. Sakafu ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, mwinuko unakuwa takribani nyuzi 14. Ngazi za mita 1.5 hupanda kwa zaidi ya nyuzi 23, na bampa ya mbele ya IST itabaki juu yake. Weka pia miguu miwili ya kukunja nyuma ya tela. Bila hiyo, gari likipanda mkia hulala na pua ya tela huinua nyuma ya gari linalokokota.

Winchi ifungwe mbele, pamoja na kizuizi cha magurudumu kinachosogezeka kwa bolti. Wengine huona winchi ni anasa hadi wanapopandisha gari kwa kuliendesha na kugundua kwamba mlango haufunguki, bawa la tope limeukinga.

Vishikizo vinne vya mikanda vichomelewe kwenye chaneli za fremu, kamwe si kwenye bati. Funga mikanda kwenye magurudumu ya gari. Ukifunga bodi, springi za gari zikicheza mkanda hulegea.

## Hatua ya 7: Rangi na taa

Toboa matundu ya kutokea maji chini ya kila skwea paipu, kwani unyevu wa ziwani huingia ndani na kula chuma kutoka upande usiouona. Piga brashi ya waya, praima mara mbili, kisha rangi.

Kwenye plagi ya pini 7 ya kawaida, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni taa za breki, kahawia na nyeusi ni taa ndogo za kulia na kushoto, na nyeupe ni ethi, yaani waya wa kurudishia umeme. Rangi za nyaya ndani ya gari la Kijapani hazifuati mpango huo, kwa hiyo tafuta kila waya kwa balbu ya majaribio. Ethi iwe na waya wake hadi kwenye kila taa. Taa zinazopepesa ukikanyaga breki karibu mara zote ni ethi iliyotegemea kutu ya fremu. Ukihitaji kuchomelea tena, litenganishe tela na gari kwanza, usije ukaunguza vifaa vya umeme vya gari.

## Hatua ya 8: Pima, kisha utembee

Pandisha gari, lifunge, kunja miguu ya nyuma, zuia magurudumu kwa mawe, na tela likae sawa. Mzani wa kupimia watu unatosha. Laza ubao mgumu, ncha moja juu ya bomba, nyingine juu ya mzani, kati yake pawe na sentimita 90. Andika mzani unaonyesha nini ubao ukiwa peke yake. Teremsha kichwa cha tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye bomba, utoe uzito wa ubao, kisha uzidishe kwa 3. Kwa mfano wetu, mzani usome kama kilo 78. Ukisoma pungufu, sogeza gari mbele, ukizidi, lirudishe. Ukishapata, kaza kizuizi cha magurudumu hapo na upige alama ya rangi.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo, ya pili na mzigo, kwenye barabara tulivu kama ile ya Usagara hadi Kisesa alfajiri. Anza kilomita 30 kwa saa, jaribu breki, panda hadi 50, kisha 70, na usizidi hapo. Baada ya kilomita 50 simama, kaza nati za magurudumu na yu-bolti, na uguse kila habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu si neno. Habu inayokuunguza ina beringi iliyokazwa mno au breki inayoshika.

Mkia ukianza kucheza, usikanyage breki za gari wala usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na uache mwendo ufe wenyewe. Ukifika nyumbani rudi kwenye mzani, kwa sababu ama gari lilisogea, ama mtu alilaza tairi za akiba kwenye buti.

Ukielekea Sengerema au Geita, punguza mwendo hadi 50 kabla ya kuingia Daraja la Magufuli. Ni kilomita 3 juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi, na upepo wa ziwa hulipiga tela ubavuni pasipo kilima wala nyumba ya kuukinga. Ukishavuka, tafuta mahali salama nje ya barabara, ukaze mikanda upya na uguse habu zote nne.